Abiria wa Kiti cha Kushoto

Hebu fumba macho kidogo, uvute picha ya ua mmoja kule Kiswere, jua limeshazama lakini mwanga haujaondoka. Katikati ya ua limeegeshwa gari dogo la rangi ya bluu iliyokolea, la chini, lenye mabega mapana, na matairi yake yamejaa vumbi jekundu la njia ya kuingilia kijijini. Wanawake wamelizunguka. Mmoja ameshika chetezo, moshi wa udi unaingia dirisha hili na kutokea lile. Mwingine ananyunyiza marashi juu ya boneti. Watoto wanajitazama sura zao kwenye rangi na kutoleana ndimi. Kwenye usukani amekaa kijana mrefu, magoti yanakaribia kugusa dashibodi, anatabasamu kama bwana harusi.

Ukishaiona picha hiyo, sikiliza. Anawasha injini, nayo inanguruma kwa sauti nzito ya chini chini. Halafu inaanza kengele ndogo. Ti, ti, ti. Mbele ya usukani inawaka taa nyekundu yenye umbo la mtu na mkanda. Ni kengele ya kumkumbusha abiria wa mbele, wa kiti cha kushoto, kwamba hajafunga mkanda wake. Na katika kiti kile hakuna mtu.

Watu walicheka. Bi Zuhura, mama mkwe wa kijana yule, alisema gari limekwishachoka kukaa na mwanamume peke yake, linamtafuta binti yake, mke wa kijana. Kijana, jina lake Saad, akafanya wafanyavyo madereva wengi wakichoshwa na kelele ile. Alinyoosha mkono, akauvuta mkanda wa kushoto, akaupitisha juu ya kiti kitupu, akasema Bismillah, akaubana mpaka ukalia ka. Ndivyo alivyolelewa. Hanywi maji, hafungui mlango, hakazi hata kamba ya kiatu pasipo kulitaja jina la Mola wake. Kengele ikanyamaza na wanawake wakapiga vigelegele.

Kabla ya kushuka alitupa jicho kushoto. Mkanda haukuwa umelala juu ya kiti. Ulikuwa umesimama mbele yake, umebinuka, kama unavyobinuka ukipita juu ya kifua. Saad alidhani ni springi imekaza. Akazima gari, akaenda kula.

Saad hakulinunua gari lile kwa maringo. Kazi yake ilikuwa Lindi mjini, kwenye ghala la korosho, kukagua ubora wa mizigo inayoingia. Mkewe, Warda, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Kiswere, na uhamisho waliouomba haukuja. Kwa hiyo Saad alipanga chumba Lindi na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Mimba ya kwanza ya Warda iliharibika Saad akiwa huko. Ya pili ilitoka Warda akiwa amekaa juu ya jiwe, kwenye njia panda ya barabara kuu, yeye na mama yake, wakingoja gari lolote litakalopita. Saad alifika kwa basi la asubuhi, akamkuta mama mkwe anakunja mkeka. Hakuna aliyemlaumu. Ingekuwa afadhali kama wangemlaumu.

Sasa Warda alikuwa na mimba ya tatu, nayo ilikuwa imekua kuliko zote. Saad akajiapiza kwamba hatalala tena mbali na mkewe, na kwamba siku ikifika hakuna gari litakalongojwa. Alitaka gari la kwenda nalo kazini na kurudi kila siku, na alitaka liwe na mbio. Wenzake kazini walimshauri atafute gari la juu, lenye kubeba magunia, maana njia ya Kiswere ina mashimo ya kumeza mbuzi. Yeye akasema, "Magunia yatabebwa na wengine. Mimi nataka gari litakalowahi."

Aliyemuuzia ni mfanyabiashara mmoja wa Lindi, jina lake Dominick, aliyekuwa akihamia Mtwara. Gari lilikuwa na injini ya silinda sita na tabo mbili za kuiongezea nguvu, na kwenye lami lilikwenda kama limesukumwa mgongoni. Dominick alikubali bei haraka mno. Alipokuwa akikabidhi funguo jioni ile alimuuliza Saad kama atakuwa peke yake njiani. Saad akasema ndiyo. Dominick akaonekana kama anataka kuongeza neno, kisha akamwambia tu, "Jioni usiwe na haraka sana," akaondoka zake.

Siku za mwanzo zilikuwa za furaha. Saad aliswali alfajiri, akamuaga mkewe, akatoka kijijini polepole, tumbo la gari likiparuza mawe. Vijana wa bodaboda pale njia panda walikuwa wakimsubiri.

"Bwana Saad, hilo gari au kobe? Mbona linaburuta tumbo?"

"Ngoja lifike kwenye lami, halafu uniambie kobe ni nani."

Na kweli, likifika kwenye lami, hakuna aliyemuona tena. Daraja la Mbwemkuru lilipita kama mstari, Mchinga ikapita, na kabla ofisi hazijafunguliwa Saad alikuwa ameshaegesha mbele ya ghala. Jioni alirudi hivyo hivyo, na Warda alikuwa akimsikia kabla hajamwona.

Baina ya Mchinga na Lindi kuna shamba la mkonge lililokufa zamani. Mashine zimeshang'olewa, kuta za kiwanda zimebaki, na mkonge wenyewe umeota ovyo mpaka karibu na barabara. Saad alilipita shamba lile tangu utotoni, halikuwa na neno. Lakini sasa, kila alipolikaribia, gari lilijaa harufu chachu, harufu ya mkonge uliolowekwa ukaoza, kama ile waliyoisimulia wazee waliowahi kufanya kazi pale mashine zikiwa zinasaga. Alishusha vioo, harufu haikutoka. Alipolipita shamba, ikaondoka yenyewe.

Asubuhi moja, mahali pale pale, alisikia kitasa cha mlango wa kushoto kikivutwa kwa ndani. Kikavutwa, kikaachiwa. Kikavutwa tena. Hakikuvutwa kwa fujo. Kilivutwa kama anavyovuta mgeni mwenye adabu ambaye hajui mlango wa mwenyeji wake unafunguliwaje.

Saad alitazama mbele akakanyaga mafuta, na gari, ambalo halikuhitaji kubembelezwa, likaruka.

Jioni yake alipofika pale alikuwa amekwisha kujiambia kwamba ni mtikisiko wa barabara, na angeendelea kujiambia hivyo kama asingetupa jicho kushoto na kuona ukungu kwenye kioo cha mlango, ukungu wa pumzi, mviringo mdogo uliokua na kusinyaa, ukakua na kusinyaa, kwenye urefu ule ule ambao mdomo wa mtu aliyekaa ungekuwepo. Na mkanda wa kiti kile ulikuwa ukienda mbele na kurudi nyuma pamoja nao.

Alipofika nyumbani alijaribu kuufungua mkanda. Kitufe kilibonyea, lakini ulimi wa chuma haukutoka. Alivuta mpaka vidole vikachubuka. Kesho yake alimpelekea fundi mmoja wa Lindi, mtu mcheshi, aliyesema mikanda ya magari haya ni jeuri, dawa yake ni kisu. Fundi aliingia na kisu, akakaa humo muda mfupi, akatoka kinyumenyume. Hakucheka tena. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono, na kwenye ngozi palikuwa na alama za vidole, virefu kuliko vya mtu. Alimwambia Saad aliondoe gari uani kwake, na hakutaka malipo ya kazi ambayo hakuifanya.

Saad hakumwambia mkewe. Mwanamke mwenye ujauzito haambiwi mambo kama yale. Lakini jioni moja Warda, aliyekuwa akioga, alimwita kwa sauti ndogo.

Alikuwa amesimama na khanga kiunoni. Kuanzia bega la kushoto, katikati ya matiti, juu ya tumbo lile lililotuna, hadi nyonga ya kulia, palikuwa na alama pana, nyororo, iliyodidimia katika ngozi kama kitu kizito kilikuwa kimekazwa hapo kutwa nzima.

"Inaniuma zaidi ukiwa safarini," alisema. "Ukifika pale kwenye mkonge ndipo inapokaza. Mtoto anaacha kucheza mpaka upite."

Saad alimuuliza nani amemwambia habari za mkonge.

"Hakuna aliyeniambia. Naisikia harufu yake humu ndani."

Tangu siku ile Saad hakulala vizuri. Aliliacha gari uani akaenda kazini kwa basi, akidhani amempumzisha mkewe. Aliporudi alimkuta kitandani, midomo imemkauka, na Bi Zuhura akimsugua mgongo. Kutwa nzima, Bi Zuhura alisema, kuna kitu kilikuwa kikigonga ndani ya gari, ka, ka, ka, bila hasira na bila kuchoka, na kila kilipogonga Warda alijikunja. Jirani alisema ni paka. Walimtafuta paka huyo, hawakumpata.

Saad akampigia simu Dominick. Hakutukana, ingawa alikuwa amepanga kutukana. Alieleza yote, na alipotaja mkanda akakatizwa.

"Ulimfunga?" Dominick aliuliza.

"Nilinyamazisha kengele."

"Mimi sikumfunga hata siku moja, bwana. Nilivumilia kelele. Yule anapandia Lindi jioni, anashuka kwenye mkonge, asubuhi anarudi mjini. Nilikuwa nasimama, nafungua mlango, nangoja kidogo, nafunga. Anapenda mwendo tu. Hakuwahi kunidhuru."

Saad alimuuliza kwa nini hakumwambia.

"Ningekwambia, ungelinunua?" Dominick alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona haya. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Bi Zuhura ndiye aliyetuma mtu Njinjo kumwita Binti Likwata, mganga. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, amevaa sweta la kiume juu ya gauni, aliyefika kwa bodaboda akilalamika kuhusu kiuno chake na kuhusu mahindi aliyoyaacha juani. Hakuja na vibuyu wala ngoma. Alikataa chai mpaka aone kazi. Akafungua mlango wa kushoto kwa nje, akaweka kiganja juu ya kiti kitupu, na mara hiyo hiyo akakiondoa kama mtu aliyegusa sufuria jikoni.

"Nani amefunga hapa?"

Saad akasema ni yeye.

"Ulitaja nini ulipofunga?"

Saad akamwambia. Binti Likwata akakaa chini, kwenye kizingiti. Ndipo akaeleza, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Wapo wanaoingia katika nyumba za watu, na hao kazi yake ni kuwatoa. Huyu hakuingia, alipanda gari. Angeshuka mwenyewe kama alivyozoea. Lakini amefungwa kwa jina ambalo hana ubavu wa kulivunja, na kila siku anapitishwa mlangoni kwake, asubuhi na jioni, akipaona na asiweze kushuka.

"Sasa anakufunga na yeye," alisema. "Pale panapokuuma."

"Nimejaribu kumfungua, mama. Hafunguki."

"Hapa si kwake. Ungekubali wewe ushushwe kusikokuwa kwako? Mpeleke kwake, zungumza naye kama mtu, umfungue kwa mkono ule ule uliomfunga. Mimi siwezi kukufanyia. Na usingoje siku za mkeo zifike."

Alikunywa chai yake, akarudi kwenye mahindi.

Sasa utadhani Saad alikwenda kesho yake akamaliza. Alikwenda. Alikwenda asubuhi na alikwenda jioni, amejifunza maneno ya kusema, ameyarudia njia nzima kama mwanafunzi anayekwenda kuulizwa na mwalimu. Lakini shamba lilipotokea, harufu ikajaa, kitasa kikaanza kuvutwa, na kioo kikaingia ukungu, mguu wake wa kulia ulikuwa hausikii maneno yoyote, ulikuwa umekanyaga hadi chini, na gari lile alilolichagua kwa sababu ya mbio zake likampa mbio zote alizozitaka, mpaka shamba likawa nyuma na yeye analia peke yake barabarani, akijua kwamba muda huo huo, nyumbani, kuna mtu anajikunja juu ya kitanda kwa ajili ya woga wake. Alirudia hivyo siku kwa siku. Kila jioni Bi Zuhura alimtazama usoni aliposhuka, kisha akatazama pembeni.

Uchungu ulimshika Warda kabla ya wakati wake, siku ambayo Saad alikuwa amerudi mapema. Muuguzi wa zahanati alikuja, akapima, akasema mlango wa kizazi umefunguka lakini mtoto hateremki. Alipima tena baada ya alasiri, akawa amekunja uso. Alisema ni kama kuna kitu kimemshikilia mtoto kwa juu, na kwamba inabidi apelekwe Lindi sasa hivi. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Kilwa na mgonjwa mwingine.

Katika ukoo wa Bi Zuhura, mwanamke akikwama na uchungu, nyumba nzima hufunguliwa. Mama yule alianza bila kusema na mtu. Alifungua masanduku yote, vifuniko vikabaki juu. Alifungua milango na madirisha. Aliwafungulia mbuzi wakatawanyika. Alifumua nywele za mwanawe msuko mmoja mmoja, akamvua shanga, akamvua hirizi ya mkononi, akamwambia Saad afungue kamba za viatu vyake na vifungo vya shati. Jirani naye akafungua kuku wake. Palipokuwa hapana tena fundo wala kufuli, Bi Zuhura akasimama katikati ya ua, mikono imelegea, akitazama gari.

"Limebaki fundo moja," alimwambia mkwewe. "Nalo ni lako."

Walimlaza Warda kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mama yake. Saad aliendesha. Njia ya vumbi aliipita pasipo kusikia mawe, lami akaifuata jua likiwa linateremka upande wa kulia, na kwa mara ya kwanza tangu alinunue hakuona raha yoyote katika mbio za gari lile. Nyuma yake Warda alikuwa akiguna kwa kukatisha, kama mtu aliyebanwa kifua. Kushoto kwake mkanda ulikuwa ukipanda na kushuka. Daraja likapita. Mchinga ikapita, watu wakitoka kuswali magharibi, mmoja akamuinulia mkono na Saad asijue ni nani.

Harufu ikaja kabla ya shamba. Kitasa kikaanza, ka, ka, ka. Saad aliusikia mguu wake ukizama kwenye mafuta, mguu ule ule, kwa mazoea yale yale, na mikonge ikaanza kukimbia pembeni, myeusi, iliyochongoka, na kuta za kiwanda zikatokea, zikakaribia, zikawa sambamba naye, na bado mguu haukuondoka, na ndipo Warda akasema kutoka nyuma, kwa sauti ambayo nusu ilikuwa yake na nusu haikuwa, "Usinipitishe tena, Saad."

Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Gari liliserereka, likasimama pembeni ya barabara, na injini akaizima. Maneno yote aliyojifunza yalikuwa yamemtoka. Kilichobaki ni malezi tu. Akageuka kukitazama kiti kitupu, akaanza pale ambapo mtu yeyote aliyelelewa pwani angeanzia.

"Shikamoo."

Kisha, karibu sana na sikio lake, sauti ya mzee, kavu na pole, ikamjibu, "Marahaba."

Bi Zuhura alimziba mwanawe macho kwa kiganja.

"Nisamehe, mzee wangu," Saad alisema. "Sikujua kama umekaa. Nimekupitisha kwako, nimekupitisha makusudi, kwa woga wangu. Mke wangu hana kosa. Nakuomba sana. Unashukia wapi?"

"Hapa hapa, mwanangu."

Saad akaweka kidole kwenye kitufe. Kilikuwa cha moto. Akasema Bismillah, kama alivyosema siku ya kwanza, akabonyeza, na ulimi wa chuma ukatoka kwa urahisi kama haujawahi kukwama. Mkanda ulirudi taratibu, ukipita juu ya kitu kinachojipinda kutoka kitini. Mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe. Gari likainuka upande ule, kama linavyoinuka akishuka mtu mzito, na majani makavu ya pembeni yakalala chini ya nyayo ambazo hazikuonekana.

Nyuma, Warda alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu adhuhuri. "Imeachia," alisema. "Mama, imeachia." Halafu akapiga ukelele wa aina nyingine, na Bi Zuhura akasema mtoto anateremka, endesha.

Saad aliwasha gari. Injini iliwaka. Akaweka gia, akakanyaga mafuta, na gari halikusogea hata unyayo. Mlango wa kushoto ulikuwa bado wazi. Alijinyoosha kuuvuta, ukawa mzito kama umeshikwa.

Sauti ile ya pole ikauliza kutoka nje, "Kesho unapita saa ngapi?"

Bi Zuhura alimshika mkwewe bega kwa nguvu. Alitikisa kichwa. Usimjibu.

Saad akakanyaga tena. Injini ililia, magurudumu yakatulia. Akajaribu mlango kwa mikono miwili. Nyuma yake Warda alikuwa akilia kwamba hawezi kungoja, na mama mtu anamwambia usisukume mwanangu, usisukume, bado.

"Kesho unapita saa ngapi?" Sauti haikupanda wala kushuka. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye ana usiku kucha.

Saad alitazama kwenye kioo, akamwona mkewe.

"Alfajiri," alisema. "Baada ya swala."

Mlango ukafungwa. Ulifungwa kwa uangalifu, kama anavyofunga mtu anayejali gari la mwenzake. Na gari likaondoka.

Mtoto alizaliwa Lindi, dakika chache baada ya kufika, wa kike, mwenye mapafu ya kusikika mpaka getini. Wakamwita Kazija. Ngozi ya Warda ilirudi safi kama vile hapakuwahi kuwa na kitu, na leo mtoto anatambaa, anakula mchanga, hana shida yoyote.

Watu waliposikia walimwambia Saad auze gari. Bi Zuhura ndiye aliyemwambia ukweli, kwamba hata akiliuza, ahadi haikutolewa na gari, aliitoa yeye, na kesho ya mzee yule haina mwisho. Saad hakuamini. Juma lile lile alilifunika gari turubai, akapanda basi la alfajiri pale njia panda. Akapata siti ya dirishani, upande wa kulia. Basi lilijaa, watu wakasimama mpaka mlangoni, wamebeba watoto na matenga. Siti iliyokuwa kushoto kwake ilibaki tupu. Akina mama waliitazama, wakaona afadhali wasimame, na hakuna hata mmoja aliyejua kwa nini. Kadiri Lindi ilivyokaribia, Saad alihisi bega lake la kushoto likiwa la baridi. Walipofika kwenye mkonge, dereva alisimamisha basi. Konda akauliza nani anashuka. Hakuna aliyeinuka. Dereva mwenyewe akasema hajui amesimama kwa nini, na abiria wote walikaa, mlango wa basi ukiwa wazi, wakimngoja mtu ambaye hawakumwona, apande au ashuke.

Tangu hapo Saad analiendesha gari lile kila siku ya kazi. Alfajiri anasimama kwenye mkonge, anafungua mlango wa kushoto, anasalimia, anaitikiwa, kengele inalia hadi Lindi naye anaivumilia. Jioni ni hivyo hivyo. Amepungua mwili. Akiugua, anakwenda. Mvua zikikata njia, anaacha gari anatembea mpaka anakoweza kufika, maana saa aliitaja mwenyewe. Warda akimuuliza itakuwa mpaka lini, Saad anamchukua mtoto, anamweka begani, anatoka naye uani.

Nawe, msikilizaji wangu, barabara ile ni nzuri na watu wake ni wakarimu, ipite bila hofu. Ukimkuta mtu amekwama, mpakie, na umshushe kwa heshima pale anapotaka. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Akishashuka, akageuka kwa adabu kukuuliza kesho unapita saa ngapi, mwambie taratibu kwamba hujui.